Kwa nini wahandisi wetu wanamudu hesabu ngumu lakini kundi la watu watano linawashinda?

#1 Nondo Kumi na Mbili (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi na muda mwingi nipo saiti. Kila mwaka napokea vijana waliotoka chuoni, wengi wakiwa kwenye SEAP, ule mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) ulioanza 2003, unaompa mhitimu miaka mitatu ya kufanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Daftari zao za kazi nasaini mimi, kwa hiyo ninaowasema hapa ni watu ninaokula nao ugali.

Kwenye hesabu sina ugomvi nao. Mpe boriti, atakupa nondo, kipenyo na nafasi zake, tena kwa haraka kuniliko mimi. Shida inaanza siku ya kumwaga zege.

Kuna kijana mmoja, kichwa kizuri kweli. Aliwakuta mafundi wanaongeza maji kwenye zege. Akawafokea mbele ya vibarua, akawatajia uwiano wa maji na saruji, akaondoka zake. Alichosema ni kweli tupu: maji yakizidi, nguvu ya zege inashuka. Lakini alipogeuza mgongo tu, maji yakaongezwa tena. Nikamwambia arudi, ila safari hii aende kumuuliza fundi mkuu kwa nini wanafanya hivyo, asiende kumhubiria. Akarudi na jibu: mashine ya kuchanganyia imewekwa mbali na nguzo, zege linasukumwa kwa toroli kwenye jua la saa sita, likifika limeshaanza kukaza na halipenyi katikati ya nondo. Kumbe mzee wa watu alikuwa anatatua tatizo ambalo mhandisi hajaliona. Tukasogeza mashine, tukawa tunaanza kumwaga alfajiri, na kwenye nguzo zenye nondo zilizosongamana tukatumia dawa ya kulainisha zege. Habari ya maji ikaishia hapo, bila kelele.

Huyo kijana chuoni alisoma somo lenye mada ya uongozi na akafaulu vizuri. Aina za viongozi anazo zote kichwani, wa kidikteta, wa kidemokrasia, na yule wa kuwaachia watu wafanye wapendavyo. Hatua za mwanasaikolojia Tuckman za mwaka 1965 za jinsi kundi linavyokua anazitiririsha bila kugugumia. Alichokuwa hajawahi kufanya maishani ni kumuuliza mtu mwenye elimu ndogo kuliko yake "kwa nini unafanya hivi?" na kusikiliza jibu mpaka mwisho.

Hoja yangu ndiyo hii, na mnaruhusiwa kunipinga: kazi ya pamoja, uongozi na ujasiriamali havifundishiki kwa desa la kukariri. Vinafundishwa na namna kazi yenyewe ilivyopangwa na namna alama zinavyogawiwa. Ukitoa asaimenti ya watu watano ambayo mtu mmoja anaweza kuimaliza usiku mmoja, halafu wote watano wakapata alama ileile, somo umeshalitoa: mmoja amejifunza kubeba, wanne wamejifunza kusafiria nyota ya mwenzao. Wakija kazini wanaendelea vilevile walivyofundishwa.

Mnakumbuka makundi yetu yalivyokuwa? Mwenye laptopu ndiye kiongozi, hakuna kura wala nini. Linafunguliwa grupu la WhatsApp lenye jina la mbwembwe, linakuwa kimya mpaka siku mbili kabla ya kukusanya, kisha mtu anaandika "wakuu tugawane vipande". Kila mmoja anaokoteza kipande chake anakojua, mwenye laptopu anaviunganisha usiku, ukurasa wa tatu vipimo viko kwa milimita, wa saba viko kwa inchi. Siku ya kuwasilisha wote wanakuja na mashati meupe.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Chuo Kikuu cha Aalborg kule Denmark kilianzishwa 1974 na tangu mwanzo kilijengwa juu ya miradi. Kila muhula karibu nusu ya muda wa mwanafunzi unakwenda kwenye mradi mmoja mkubwa wa kundi, nusu inayobaki ndiyo masomo ya kawaida. Wanafunzi wapya wanaanzia na mradi mdogo wa wiki chache tu. Mimi naona hapo ndipo penye akili, kwa sababu wanagombana mapema, hasara ikiwa ndogo. Na mbali na ripoti ya kihandisi, wanaandika taarifa nyingine ya jinsi walivyofanya kazi: maamuzi yalifikiwaje, wapi walikwama, mradi ujao wabadili nini. Mtihani ukifika, kundi zima linaingia na kutetea kazi pamoja, halafu anaulizwa mmoja mmoja na kila mtu anaondoka na alama yake. Mwaka 2006 serikali ya Denmark iliipiga marufuku mitihani hiyo ya kundi. Vyuo na wanafunzi wakalalamika weee, na mwaka 2012 marufuku ikaondolewa.

Najua sisi si Denmark. Swali langu kwa walimu, wanafunzi na wenye karakana mliomo humu: kwa mazingira yetu haya haya, bila kusubiri bajeti, nini kinawezekana?

#2 Kiti cha Mbele

Nimewahi siti. "Mwenye laptopu ndiye kiongozi" imeniua mbavu. Mimi nilikuwa kiongozi miaka minne mfululizo na hata kuongea mbele ya watu siwezi mpaka leo.

Ngoja waje wajuzi.

#3 Mwalimu wa Statiki

Mleta mada, umeongea kwa hekima lakini umeongea kama mtu ambaye hajawahi kusahihisha. Mimi nafundisha. Darasa langu linajaza ukumbi, msaidizi ni mmoja, na huyo naye anasoma shahada ya uzamili. Nikiwagawa watano watano napata makundi ambayo siwezi kuyafuatilia hata kwa miezi sita. Kwa hiyo hao walimu mnaowaona wanatoa alama moja kwa kundi zima si wajinga. Wamechoka.

Pamoja na hayo, kuna vitu visivyo na gharama. Nakupa vitatu ninavyovitumia.

Cha kwanza ni bahati nasibu. Siku ya kuwasilisha naandika majina kwenye vikaratasi, naokota kimoja, huyo ndiye anayewasilisha kwa niaba ya kundi. Atakachopata ndicho cha wote. Tangu nianze mtindo huo makundi yameanza kufundishana, kwa sababu yule mbebaji anajua kabisa kwamba jina linaweza kumwangukia yule aliyekuwa analala. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndipo utaona watu wanaelekezana kwenye korido.

Cha pili ni kupimana wenyewe kwa wenyewe. Hapa wengi wanakosea. Ukimwambia mwanafunzi "wape wenzako alama", atawapa sawa wote. Wanaambiana kabisa, "tusiharibiane". Kwa hiyo usiulize alama, uliza matendo. Alikuja vikaoni? Alileta kipande chake siku mliyokubaliana? Alipokosolewa alirekebisha? Kuna mfumo wa mtandaoni wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, unaitwa CATME, unafanya hivyohivyo: unamwekea mwanafunzi maelezo ya tabia na yeye anachagua yanayomhusu mwenzake. Mimi natumia karatasi. Kisha napata kigezo cha kila mtu cha kuzidishia alama ya kundi. Kundi likipata 70, aliyefanya zaidi mwenye kigezo cha 1.1 anaondoka na 77, aliyelala mwenye 0.8 anaondoka na 56. Kelele utakazozisikia hapo si za kawaida, lakini ni kelele nzuri.

Cha tatu, zoezi hilo lifanyike katikati ya muhula kwanza, bila alama, mtu aone wenzake wanamwonaje akiwa bado ana nafasi ya kujirekebisha. Ukilileta mwisho tu, unakuwa umewapa watu silaha ya kulipiziana visasi.

Jambo ambalo bado limenishinda ni kuchanganya fani. Marekani bodi yao ya ithibati, ABET, ilipobadili vigezo mwishoni mwa miaka ya 1990, iliviambia vyuo vithibitishe kwamba mhitimu anaweza kufanya kazi kwenye timu ya fani mbalimbali. Kwetu wa ujenzi na wa umeme hawakutani hata kantini, ratiba haziruhusu. Matokeo yake unakuja kuyaona kwenye majengo: ukuta umeshapigwa lipu ndipo mtu wa umeme anakuja na tindo.

#4 Kanuni ya Bernoulli

Naomba niwe mbaya wa uzi huu. Mnapoteza muda. Miaka minne haitoshi hata kwa themodinamiki na mekanika ya vimiminika, nyinyi mnataka kuongeza habari za kupendana kwenye makundi. Daraja halisimami kwa sababu wahandisi wake walikuwa na ushirikiano mzuri, linasimama kwa sababu hesabu ni sahihi. Uongozi mtu atajifunza kazini, ujasiriamali atafundishwa na njaa.

#5 Nondo Kumi na Mbili (mleta mada)

Bernoulli, karibu sana, uzi bila mpinzani haunogi. Nikupe kisa kimoja cha hesabu sahihi.

Tarehe 17 Julai 1981, hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani. Ndani ya ukumbi kulikuwa na vijia vya juu vya kupitia watu, vimening'inizwa kutoka kwenye dari kwa fito za chuma. Kijia cha ghorofa ya nne kilikuwa juu, cha ghorofa ya pili kikiwa chini yake moja kwa moja. Michoro ya awali ilionyesha ufito mmoja mrefu unashuka kutoka darini, unapita kwenye kijia cha juu na kufika cha chini, kila kijia kikikalia nati yake. Mtengenezaji wa vyuma akaona ufito mrefu namna ile ni usumbufu, akapendekeza ziwe fito mbili fupi: moja kutoka darini hadi kijia cha juu, nyingine ianzie kwenye kijia cha juu na kushuka hadi cha chini.

Wewe ni mtu wa hesabu, chora upesi hapo ulipo. Kwa mchoro wa kwanza, nati ya kijia cha juu inabeba kijia hicho tu. Kwa mchoro wa pili inabeba vyote viwili, maana cha chini sasa kimening'inia kwenye cha juu. Mzigo umekuwa mara mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiona hiyo kwa dakika mbili. Tena hata ule muungano wa awali wenyewe haukufikia matakwa ya kanuni za ujenzi za jiji. Mabadiliko yakapita kwa mihuri, kila upande ukiamini upande wa pili ndio uliohakiki. Walikufa watu 114, na wahandisi waliohusika wakanyang'anywa leseni zao Missouri.

Hakuna hapo aliyeshindwa kujumlisha. Hesabu haikufanywa, kwa sababu hapakuwa na aliyejua ni ya nani. Sasa niambie somo hilo liko kwenye sura ya ngapi ya themodinamiki.

#6 Kanuni ya Bernoulli

Kisa nimekipokea. Lakini hiyo naiita utaratibu wa kazi, siyo "kazi ya pamoja" ya kwenye desa. Kama mnafundisha utaratibu, nani anasaini nini na nani anahakiki, mimi sina tatizo. Mkianza michezo ya kurushiana mpira ili mfahamiane, naondoka.

#7 Binti wa Karakana

Nimesoma wote, naona mmesahau jambo moja. Niliwahi kuwa msichana peke yangu kwenye kundi la watu sita. Tangu mwaka wa kwanza mpaka wa nne kazi yangu ilikuwa ukatibu. "Dada ana mwandiko mzuri." Nilikuwa naandika ripoti ya mashine ambayo sijaigusa. Hakuna aliyenionea kwa makusudi, walikuwa marafiki zangu na mpaka leo tunapigiana simu. Kazi zilijigawa tu, kama maji yanavyotafuta bondeni.

Kuchomelea nilijifunzia kwenye mafunzo ya vitendo kazini (PT), kwa fundi mmoja aliyenipa kinyago na rodi siku ya kwanza, akaniambia "choma, ukiharibu tutakata tuanze upya". Ningesubiri kundi, ningemaliza shahada bila kuwasha moto.

Kwa hiyo Mwalimu wa Statiki, kwenye vitu vyako vitatu ongeza cha nne: majukumu yazunguke. Kila wiki mbili kiongozi anabadilika, katibu anabadilika, na ijulikane nani alishika mashine. Na mnapogawa makundi ya mwaka wa kwanza, msimtupe msichana mmoja mmoja kila kundi mkidhani mnaweka usawa. Wawekeni wawili wawili, hata kama makundi mengine yatakosa kabisa. Watu waliochunguza makundi ya wanafunzi wa uhandisi wameshaandika kuhusu hilo, na mimi nimelipitia mwenyewe.

#8 Kiti cha Mbele

Dada umemaliza. Na mimi ndiye niliyekuwa nasema "dada ana mwandiko mzuri". Naomba radhi kwa niaba ya kamati.

#9 Ramani ya Tandale

Mimi ni wa Chuo Kikuu Ardhi, si mhandisi wa mitambo wala nini, ila naomba nichangie kuhusu uongozi.

Mwaka 2011 wanafunzi walipelekwa Tandale, Dar es Salaam, kuchora ramani ya mtaa pamoja na wakazi, na kuanzia 2015 kazi hiyo ikapanuka kupitia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani pamoja na wananchi, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam wakaingia kata zinazokumbwa na mafuriko wakiwa na simu na vifaa vya GPS. Kazi yenyewe kitaalamu si ngumu. Ugumu ni kwamba huwezi kusimama nyuma ya nyumba ya mtu ukapima mfereji wake bila kupita kwa mjumbe, na mwenye nyumba anadhani mmekuja kubomoa. Hapo hakuna laptopu itakayokufanya kiongozi. Anayejua kusalimia, kueleza alichofuata na kukubali kuambiwa "maji hayapiti huku, yanapita kule", huyo ndiye anarudi na ramani inayoaminika. Mkazi anajua maji yalifika dirishani mwaka gani, wewe una setilaiti tu.

Ukitaka kumfundisha mhandisi uongozi, mpeleke mahali ambapo hana mamlaka yoyote lakini anahitaji watu wamsaidie.

#10 Mkongwe wa Makerere

Nilisoma Kampala, naomba niwape mfano wa Afrika Mashariki ambao ni mkubwa kuliko asaimenti.

Makerere walishiriki kwenye mradi wa wanafunzi wa vyuo vingi duniani ulioongozwa na MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, wa kubuni gari linalotumia nishati kidogo. Gari hilo, Vision 200, lilionyeshwa Torino, Italia, mwaka 2008. Waliporudi hawakutaka iishie kwenye picha. Chini ya Prof. Tickodri-Togboa na wenzake wakaanza gari lao wenyewe, na Novemba 2011 Kiira EV, gari dogo la umeme la watu wawili, likatembea. Likafuata Kiira EV SMACK, kisha Februari 2016 basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Leo ni kampuni, Kiira Motors, na kiwanda kipo Jinja.

Ninachotaka mkione ni mgawanyo wa kazi. Gari huwezi kuligawa vipande vitano kama ripoti. Mtu wa betri akiongeza uzito, mtu wa fremu anaumia, mtu wa breki anaumia, mtu wa mota anabadili hesabu zake. Mnalazimika kukaa meza moja mtake msitake. Kazi ya namna hiyo inafundisha ushirikiano yenyewe, mwalimu anabaki kuamua ugomvi tu.

#11 Spana Kumi na Saba

Mkongwe, heshima kwako, lakini hapo serikali ya Uganda iliweka mkono mfukoni tangu mwanzo. Kuna wanafunzi wangapi wa Afrika watapata serikali ya kuwanunulia betri? Tusemee ujasiriamali wa mtu wa kawaida.

Mimi ni mhandisi mitambo, nina karakana yangu, natengeneza mashine za kupukuchua mahindi, za kukamua alizeti, na mageti ili nipate hela ya bili ya umeme. Chuoni nilifundishwa ujasiriamali, na kilichofundishwa ni kuandika andiko la biashara. Kila andiko lilikuwa na sentensi ileile: "Soko ni kubwa, tukipata asilimia moja tu ya Watanzania..." Siku hizi wana bahati, sensa ya 2022 imewapa watu milioni 61.7, asilimia moja yake ni zaidi ya laki sita! Laki sita wa kununua mashine ya kupukuchua! Na hakuna hata mwanafunzi mmoja kwenye kundi lile aliyewahi kumuuliza mkulima mmoja anapukuchua vipi sasa hivi na inamgharimu nini.

Mkulima wa kwanza niliyempelekea mashine aliizunguka, akaisifia, akauliza: "Inapanda bodaboda?" Haikupanda. Yeye hakutaka kuimiliki ikae nyumbani. Alitaka kuizungusha kijijini na kuwapukuchulia wenzake kwa gunia. Nikaipunguza, nikaiwekea vishikio na miguu ya kukunja. Jambo la pili nililojifunza kwake ni kwamba mkulima hanunui mashine Januari, hela yote iko shambani. Ananunua baada ya kuvuna, na wakati huo ananunua leo leo, ukimwambia subiri wiki mbili anaenda kwa jirani yako. Maana yake mimi natakiwa niwe na mashine zimekaa tayari kabla hela haijaingia. Hilo ndilo tatizo la mtaji, na kwenye andiko langu la chuo halikuwamo kabisa.

Bei nayo. Vijana wanapiga hesabu ya bati, angle, mota na mikanda, wanaweka faida juu, wanatangaza. Wanasahau diski za kukatia, rodi za kuchomelea, umeme, rangi, mashine moja katika kumi itakayorudi kwa matengenezo, na mshahara wao wenyewe. Mwezi wa nne wanashangaa wanauza sana na mfukoni hamna kitu.

Marekani shirika lao la sayansi, NSF, lilianzisha mwaka 2011 programu inaitwa I-Corps. Timu ni ya watu watatu, na kazi yao kubwa kwa wiki kama saba ni kwenda kuongea ana kwa ana na watu wapatao mia moja ambao wangeweza kuwa wateja. Kwetu hata kumi wangetosha kuokoa maandiko mengi.

Na usidhani ni lazima uuze kifaa chenyewe. Dk. Askwar Hilonga wa taasisi ya sayansi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyeshinda Africa Prize, tuzo ya ubunifu wa kihandisi Afrika, ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2015 kwa chujio lake la maji, hakuishia kwenye sayansi ya kuondoa floraidi, ile inayogeuza meno kuwa ya kahawia kwa watu wa pande zile. Chujio ni hela nyingi kwa familia nyingi, kwa hiyo vikawekwa vituo: mjasiriamali anashika chujio, jirani ananunua maji. Floraidi mwanafunzi anaweza kuisoma kitabuni. Hilo la vituo ndilo mngemfundisha.

#12 Jirani wa Thika

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Huku Kenya tuna Norah Magero, mhandisi wa mitambo, alishinda hiyo hiyo Africa Prize mwaka 2022 kwa VacciBox, friji ndogo ya sola ya kuhifadhi na kusafirisha chanjo. Naungana na huyu wa spana. Anayetumia ile friji ni muuguzi, anayefaidi ni mtoto, na anayelipa ni mwingine kabisa, kaunti au shirika. Wanafunzi wetu wote wanaandika "mteja" kana kwamba ni mtu mmoja.

Lakini naomba kuuliza: mkianzisha kampuni mkiwa marafiki wanne kutoka darasani, mnagawana vipi hisa? Sisi tulivunjikia hapo.

#13 Spana Kumi na Saba

Jirani, hilo ndilo lililovunja makundi yote ninayoyajua. Vijana wanne wanasajili kampuni BRELA, robo robo, wanapiga picha. Miezi mitano mbele mmoja anaitwa kwenye usaili wa serikali, anapata ajira, anahamia Dodoma. Haji karakana tena lakini robo yake ipo. Watatu waliobaki wanachomelea kwa ajili ya mtu aliye ofisini kwenye kiyoyozi. Hakuna hata mmoja aliyemkosea mwenzake, ila hakuna anayetaka kuendelea.

Dawa ni kuandika mapema kwamba hisa zinaiva kwa muda. Mathalani miaka minne. Anayeondoka kabla ya mwaka mmoja haondoki na kitu, anayeondoka baada ya miaka miwili anaondoka na nusu ya fungu lake, kilichobaki kinarudi kwenye kampuni. Liandikeni siku mnayopendana, hapo ni karatasi moja tu. Mkisubiri mpaka mmeshanuniana ni wakili.

Halafu ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vijana wanaunda kikundi ili wapate mkopo, wanagawana hela mlangoni, kikundi kinakufa, marejesho anakimbizwa mwenyekiti. Mnaona asaimenti ya chuoni imehamia mtaani?

#14 Mwaka wa Tatu Hoi

Shikamooni wakubwa. Mimi bado nipo chuo. Nina swali kwa Mwalimu wa Statiki. Kwenye kundi letu kuna mwenzetu haji vikaoni kabisa, lakini tunajua jioni anauza chipsi ili alipe chumba, mkopo wa Bodi ya Mikopo alikosa. Tukimpa alama za chini tunaona tunamuua. Tukimpa sawa na sisi tunaonewa. Tufanyeje?

#15 Mwalimu wa Statiki

Marahaba. Msimhukumu kwa vikao, mpeni kazi inayoendana na muda wake na tarehe yake. Kama yuko huru alfajiri, apewe kipande cha kufanya alfajiri. Akikileta, mpimeni kwa hicho. Asipokileta, andikeni ukweli. Na mje kuniambia mapema, siyo wiki ya mtihani. Kupanga kazi kulingana na watu ulio nao ndiyo kazi ya mkuu wa saiti, mleta mada atanisahihisha.

#16 Nondo Kumi na Mbili (mleta mada)

Sikusahihishi. Na huyo muuza chipsi mpeni sehemu ya gharama na bei, nawahakikishia anajua kuliko nyinyi wote.

#17 Mwalimu wa Statiki

Spana, tuache maneno. Muhula ujao nina mradi wa usanifu wa mwaka wa tatu. Siku zote natunga tatizo mwenyewe. Una tatizo la kweli?

#18 Spana Kumi na Saba

Ninalo. Mashine ya kupukuchua inavunja punje mahindi yakiwa bado na unyevu. Mnunuzi anakata bei. Nimecheza na mwendo wa ngoma na nafasi ya wavu, sijapata suluhu ya kukaa. Lete kundi moja la watu wanne, wawemo wa umeme na wa kilimo kama unaweza. Masharti: waje kwanza shambani waone mahindi yanavyoingia, ndipo wachore. Nawapa mashine moja ya kuharibu na laki mbili na nusu ya vifaa. Ikiisha imeisha.

#19 Mwalimu wa Statiki

Makundi mawili, yashindane. Na kiongozi abadilike kila wiki mbili, dada wa karakana ameshasema.

#20 Spana Kumi na Saba

Mawili sawa, ila hela ni ile ile, wagawane. Na waniletee risiti.

#21 Mwaka wa Tatu Hoi

Za EFD, zile za mashine ya kodi, mkuu?

#22 Spana Kumi na Saba

Kwa wauza vyuma chakavu utapata wapi EFD, mdogo wangu. Andikeni kwenye daftari, wawili wasaini, asiyekuwepo asisaini.